Mvumo wa Kambale

Butembo, Jumapili jioni

Nilidhani nitamfurahisha mama.

Gramafoni yetu ilivuma kama mzinga wa nyuki tangu kaka yangu Kambale alipounga waya wake uliokatika, akaufunga kwa plasta ya zahanati alikofanya kazi. Kisha waasi wakamchukua. Hatukuletewa mwili, basi hatujakaa matanga.

Jana nilimwita fundi wa misheni. Akaweka waya mpya mnene na plagi mpya. Leo tulipotoka kanisani niliwasha gramafoni, wimbo ukasikika safi kabisa.

Mama aliinamia sanduku.

“Lakini ule mvumo wa Kambale ulienda wapi?”

“Tumeutoa, mama. Waya ulikuwa hatari.”

“Nani alikuambia mvumo unanisumbua? Siku zote nilikuwa nasikia mutoto wangu mule ndani.”

Nilikimbia kwa fundi. Alikuwa ameshauchoma ule wa zamani ili apate shaba, kama afanyavyo kwa kila waya. Plasta imekuwa majivu.

Niliporudi mama hakuuliza. Mpaka sasa amekaa kando ya gramafoni iliyozimwa, mdomo umefungwa, anavuma mwenyewe taratibu.