Mashine ya Kumgabira Ndayisaba

Lukole, Ngara
6 Februari 2006

Mpwa wangu Nice,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini huko Mwanza u mzima na chuo kinaendelea. Sisi hatujambo. Mama Privatus anakusalimu. Goti lake linamsumbua kila mvua inapokaribia, na mwaka huu mvua inakaribia bila kufika.

Nataka uninunulie kompyuta ya mezani. Usicheke. Mzee Ndayisaba bado anapiga taipu kwenye baraza ya duka langu, mashine ileile aliyokufundishia vidole vikiwa chini ya kitambaa ili usichungulie herufi. Herufi R imekatika, anaiandika kwa kalamu. Nataka kompyuta ya kazi za kila siku tu: barua, maombi, kadi za harusi. Jenereta ninayo. Fedha anazo Shilinde, dereva wa basi, mfuate stendi.

Sasa la moyoni. Malori ya kuwarudisha Warundi yanapita hapa kila wiki. Wanasema ni hiari, lakini upande wa juu wa kambi ya wakimbizi zimebaki kuta za udongo na mbwa. Ndayisaba hajajiandikisha kurudi. Miaka kumi tumekaa baraza moja, na sitaki aondoke. Hiyo kompyuta si ya duka. Nataka kumgabira, yaani kumpa zawadi ya kufunga undugu, kama ng'ombe. Unajua, kama mjini hamjasahau, mtu uliyemgabira ng'ombe hamtupani tena: ndama jike wa kwanza anarudi kwako, na yeye anakuja naye.

Usimwambie mtu yeyote. Ng'ombe wa kugabira hatangazwi kabla hajasimama uani.

Mjomba wako,
Novatus


Mwanza
19 Februari 2006

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mitihani inanikaba koo. Mpe pole Mama Privatus.

Nimefika kwa Bulugu, anayeuza kompyuta zilizotumika. Anazo mbili zinazotufaa, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Tofauti iko kwenye prosesa, yaani kile kidude cha ndani kinachofanya hesabu zote. Zote ni Pentium 4, moja ya 2.8, nyingine ya 3.0. Hiyo ya 3.0 ina kasi zaidi kidogo, lakini inapata joto, inakula umeme zaidi, na feni yake inavuma. Ya 2.8 ni tulivu. Kwa barua na kadi za harusi hutaona tofauti hata ukitazama wiki nzima.

Nijibu upesi, nimpe Bulugu jibu.

Mpwa wako,
Nice


Lukole, Ngara
3 Machi 2006

Mpwa wangu Nice,

Tumsifu Yesu Kristo, na marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitembea. Siku hizi sikai. Natoka barazani naenda hadi barabarani, nahesabu malori, narudi, namkuta Ndayisaba anapiga taipu kama kawaida, nami natoka tena.

Hujaniambia mambo ya maana. Hizo mashine zimetoka kwa nani, na kwa nini mwenyewe aliziuza? Ng'ombe mzuri hauzwi bila sababu. Ile inayokula sana, je, kazi yake inalingana na ulaji wake? Na ile tulivu, ni tulivu au ni goigoi? Mwambie Bulugu aziwashe zote asubuhi, usiku ukiingia uzishike mgongoni uone ipi inahema. Hivyo ndivyo marehemu babu yako alivyonunua mitamba pale Murukulazo, anawatembeza kutwa nzima, na hakuwahi kuletewa mgonjwa.

Siwezi kumgabira mtu kitu chenye kasoro. Hiyo ni aibu ya ukoo.

Mjomba wako,
Novatus


Mwanza
15 Machi 2006

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umekaa kidogo.

Nimefanya ulivyotaka, na Bulugu amenicheka mbele ya wateja. Tumeziwasha saa mbili asubuhi. Nimeandika barua ileile kwenye zote mbili, nikachapa, nikafungua picha. Zimekwenda sawa kama mapacha. Jioni nimezishika mgongoni. Ya 3.0 ilikuwa ya moto, ya 2.8 vuguvugu. Hakuna iliyohema. Zilitoka kwenye ofisi iliyonunua mpya, basi, hazina uchawi.

Mimi ningechukua ya 2.8, kwa sababu ya jenereta yako. Lakini ukisema 3.0, sawa. Ukisema tupige kura, sawa pia.

Mjomba, niruhusu niseme kama mtoto wako. Kwa nini usimwambie tu Mzee Ndayisaba? Mwambie abaki. Au mwambie mashine inakuja. Yeye hajui unatembea barabarani kwa ajili yake. Labda anaona unamkwepa.

Mpwa wako,
Nice


Lukole, Ngara
24 Machi 2006

Mpwa wangu Nice,

Marahaba. Nyumbani salama. Mvua imenyesha mara moja, Mama Privatus amepanda maharage.

Chukua ya 2.8.

Hapana, ngoja. Jana nimekwenda Ngara mjini kwa kijana wa ofisi moja anayezijua hizi mashine. Anasema baada ya miaka mitano programu zitakuwa nzito na ya 2.8 itachoka, heri ya 3.0. Nikiwa njiani kurudi nikafikiri, joto lote hilo na vumbi letu la Lukole, si itakufa kabla ya miaka mitano? Muulize Bulugu kuhusu vumbi. Ya Ndayisaba lazima iishi miaka kumi mingine.

Kuhusu kumwambia abaki, wewe bado mtoto. Mwanaume hamshiki mwenzake shati. Mashine ikisimama uani atajua mwenyewe.

Juzi aliniuliza kama nina kamba ya katani. Nikampa. Sikumuuliza ya nini.

Mjomba wako,
Novatus


Mwanza
20 Aprili 2006

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ya Machi nimeipata leo. Shilinde anasema ililala Biharamulo, magari yalizuiwa hadi wapatikane polisi wa kuyasindikiza msituni, kisha yeye akaugua malaria hukohuko.

Mjomba, ile kamba ni ya kufungia mizigo. Mwambie leo. Ukimaliza kusoma mstari huu, weka barua chini, nenda barazani.

Vumbi linaua zote mbili sawasawa. Utafunika kwa kitambaa. Bulugu ana mteja mwingine, nimemwomba avute subira hadi mwisho wa mwezi.

Mpwa wako, mwenye wasiwasi,
Nice


Lukole, Ngara
2 Mei 2006

Mpwa wangu Nice,

Tumsifu Yesu Kristo. Unaona nimepiga taipu. Kila R utakayoiona nimeiandika kwa kalamu. Imenichukua kutwa nzima, na mgongo unaniuma.

Barua yako imefika Ijumaa. Ndayisaba ameondoka Alhamisi.

Alikuja alfajiri, nikiwa na mswaki mdomoni. Alibeba mashine ya taipu kichwani, imefungwa kwa kitenge na ile kamba yangu. Hakuiweka barazani. Aliiweka katikati ya ua, pale pale anaposimamishwa ng'ombe, akasema kwa Kirundi, "Novatus, ndakugabiye," yaani nimekugabira. Hakuniuliza kama naipenda. Hakuniambia ina umri gani. Malori yalikuwa yanawashwa.

Nice, Nilisema tu, "R imekatika."

Akasema, "Utaiandika kwa kalamu." Tukashikana mikono. Alipofika njiani aligeuka, akasema miezi miwili alidhani nimemchoka, maana kila akikaa mimi nasimama. Nilitaka kumjibu, lakini mswaki, na watu, na lori. Akapanda.

Nimelia. Mama Privatus ameniona, akaniacha, akaenda kuchuma maharage ambayo hata hayajakomaa.

Sasa mimi ndiye niliyegabirwa, na aliyegabirwa ndiye mwenye kupeleka ndama. Yuko Muyinga mjini kwa binamu yake, nyuma ya soko, na umeme upo. Kompyuta nitaibeba mwenyewe, nivuke nayo mpaka pale Kobero, niisimamishe uani kwake. Halafu nitamwambia yale niliyopaswa kumwambia hapa.

Nunua yoyote. Usiniambie ni ipi, nisije nikaanza tena.

Mjomba wako,
Novatus


Mwanza
9 Mei 2006

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na pole.

Bulugu alishauza moja, nimechukua iliyobaki. Shilinde anaondoka nayo kesho, imefungwa ndani ya blanketi langu. Pale penye namba ya prosesa nimebandika karatasi. Usiibandue.

Nimeiwasha kabla ya kuifunga, nikaandika ukurasa mmoja, vidole vikiwa chini ya kitambaa. Ni wa Mzee Ndayisaba, ausome yeye mwenyewe utakapofika. Mwambie mwanafunzi wake hakuchungulia, na herufi R zote zipo.

Mpwa wako,
Nice