Kwa Nini Kilifungwa

Jumatatu, 3 Juni

Wiki ya pili kazini — mkaguzi wa usalama, kiwanda cha kushona sare. Bosi anataka chumba cha ghorofa ya tatu kianze kazi Alhamisi. Cherehani arobaini. Mimi nisaini fomu ya usalama tu. Nikauliza kwa nini kilifungwa. Akasema hakijawahi kufungwa. Kufuli limeshika kutu mpaka ufunguo hauingii.

Jumanne, 4 Juni

Mlinzi: panya. Karani: paa linavuja. Fundi umeme akakumbuka ghafla ana kazi kwingine. Chumba kimoja, majibu matatu.

Kufuli likavunjwa, nikaingia peke yangu. Pakavu. Hakuna hata kinyesi cha panya. Kimya cha kukufanya unyate.

Jioni nikamwuliza wifi — anashona ghorofa ya pili, mwaka wa tisa huu — kama chumba ni salama. Akapandisha mabega. Swali baya. Nikaligeuza: siku ya mwisho kule juu, uliona nini?

Akaweka kikombe chini. Rili za uzi, akasema. Ukiweka moja sakafuni inabiringika yenyewe. Asubuhi kuelekea dirishani, jioni mlangoni. Wenzake walisema kuna mtu anazichezea. Wakagoma kupanda.

Jumatano, 5 Juni

Nimeweka rili katikati ya chumba. Ikatulia. Nikahesabu hadi sitini. Ikaondoka — polepole, kama iliyoitwa.

Sakafu inapinda, najiambia. Si pepo. Lakini chumba kitupu, kinapinda kwa uzito wa nini?

Nikamwuliza bosi mkaguzi aliyenitangulia yuko wapi. Akasema aliacha kazi. Nikauliza: alisaini? Akanisukumia fomu: "Dada, maswali hayashoni sare."

Sijasaini. Nimeomba mhandisi aje. Wifi ndiye wa kwanza kwenye orodha ya kuhamia juu.

Alhamisi, 6 Juni

Washonaji wamepandishwa na cherehani zao kabla sijafika. Nimepanda mbio. Hakuna cherehani inayolia. Wanawake arobaini wamejibana ukuta wa mlangoni, migongo ukutani. Nikamwuliza wifi nani kawaambia wasimame pale.

"Hakuna. Tumejikuta tu."

Nimewashusha mmoja mmoja. Wifi wa mwisho, amenivuta mkono: twende, wifi. Nimebaki.

Naandika hapa ngazini. Bosi amenipita na fomu yake, amesimama katikati ya cherehani. Anaongea taratibu, kwa mara ya kwanza. "Haya, uliza. Unataka kujua nini?"

Nimemwuliza anasikia nini chini ya miguu yake.

Amefungua mdomo ajibu. Ameufunga. Anasikiliza.