Tulivuka Sote, Lakini Mti Niliusogeza Mimi

Mshauri wangu mpendwa, nakuja kwako mikono kichwani, nisaidie, maana nasifiwa kutwa na kila sifa inanichoma, na barua hii naiandika mwenyewe kwa herufi nilizofundishwa na marehemu baba, sitaki mtu wa pili aijue.

Sisi ni watu wa Nyamwage, watu wa mashamba na vihenge, maji tuliyoyazoea ni ya mtungini, na vita vilipofika kwetu mwaka jana tulikimbilia huku mikokoni Maparoni, na njiani, kwenye kivuko ambacho watoto wa huku hukipita wakicheka, dada yangu Mashavu alizama nikimtazama, nikashindwa hata kumnyooshea mkono kwa sababu nilikuwa nimekumbatia mti, na tangu siku ile nikasema mwanangu hatakufa kifo kile.

Basi huku yuko mama mmoja, Thuwaiba, mzaliwa wa hapa, alipoona tunavyoogopa maji akatuhurumia, akaanza kutufundisha kuogelea katika kidimbwi kinachobaki maji ya mtoni yanapotoka, maana humo mamba hakai, na wanaume wetu nao wakaomba kufundishwa na Bwana Ussi, na kidimbwi ni hicho kimoja, na wanawake na wanaume hawaogi pamoja, ikabidi tugawane zamu. Wazee wetu walitaka tugawane kwa jua, wanawake asubuhi na wanaume jioni, wenyeji wakacheka mpaka wakakaa chini, kwa sababu huku maji hufuata bahari, hayatoki saa ile ile kila siku, basi Bwana Ussi akasimika mti kwenye mteremko wa tope: maji yakitoka tunaingia sisi, yakianza kurudi na kuugusa mti tunatoka, wanaingia wanaume mpaka mto ukifunike kidimbwi.

Mimi nilikuwa wa mwisho darasani, napiga maji kama mtu anayefukuza nyuki, kichwa juu, miguu inazama, na Thuwaiba ananifokea, "We mwana wee, mbona wapigana nayo? Yalalie! Uso ndani, pumua ubavuni!" na kila nikikaribia kupata, maji yanagusa mti, tunatolewa. Siku moja nikawatangulia wenzangu, nikaung'oa mti, nikausimika hatua mbili juu zaidi, kesho yake hatua moja tena, ikawa hivyo siku kumi na moja, sisi tunaoga tukatosheka, wanaume wanapata kulowa tu. Na nikajua, mshauri! Siku ya kumi miguu iliinuka yenyewe, nikavuka kidimbwi kwenda na kurudi bila kugusa chini, wanawake wakanipigia vigelegele mpaka nikalia.

Kisha Ijumaa moja moshi ukaonekana upande wa bara, tukajua vita vinatufuata, na mitumbwi yote ilikuwa imekwenda Mbwera na mpunga, na mto umejaa, Thuwaiba akasema, "Haya wanangu, kidimbwi ni kile kile, leo kimepanuka tu," tukaingia wanawake thelathini na mmoja, watoto tumewafunga migongoni na vibuyu vitupu ubavuni mwao, tukavuka, sote, hakupotea hata mmoja! Wanaume walitufuata, na nilipokuwa katikati nikasikia mtu anameza maji nyuma yangu, kugeuka ni mume wangu, anafukuza nyuki vile vile kama mimi zamani, nikamshika kwapani nikamvuta mpaka ng'ambo, mtoto mgongoni na baba yake mkononi.

Vita havikufika, tumerudi salama, na sasa mume wangu anazunguka mji mzima akisema mke wangu mwanamume kuliko mimi, na hapo hapo anasema Thuwaiba ni mwizi, alisogeza mti akatupunja zamu zetu, ndiyo maana nusura nife, kwani tundu la zamani la mti limeonekana. Thuwaiba ameapa kwa Msahafu kwamba hajui lolote, hawakumwamini, wamemzuia kidimbwini, amejifungia ndani, na wanawake waliofika mwezi huu kutoka bara hawana wa kuwafundisha. Nikisema, mume wangu atajua kwamba aliyemwokoa ndiye nusura amuue. Ninyamaze? Au nimpelekee Thuwaiba kitoweo kimya kimya nipate radhi zake? Na miguu yangu bado inazama nikichoka, nifanyeje?

Mimi mwogeleaji, Maparoni.

JIBU

Mwogeleaji, kwanza hongera, na usinikatize. Wanawake thelathini na mmoja mmeingia mtoni na thelathini na mmoja mmetoka, pamoja na watoto na mume mmoja wa ziada. Mimi nimezaliwa huko huko kwenye midomo ya Rufiji, najua mto huo ukijaa unavyovuta. Niliposoma hapo nilisimama, nikapiga kelele, mpiga chapa wa gazeti letu akadhani nimeumwa na nge. Mungu amrehemu dada yako Mashavu. Umemlilia kwa vitendo.

Sasa kaa chini nikuseme. Wewe umeiba, na umefichika kwa bahati. Mgeni wa Nyamwage hukujua kwamba siku ulizoanzia zilikuwa za maji mafu, ambapo maji hupanda kwa uvivu, na kila mzaliwa wa huko husema tu, ah, leo yamechelewa. Ndiyo maana Ussi hakushtuka mapema. Hofu yako naielewa, lakini wanaume waliokuwa wakisubiri ukingoni nao walikuwa na hofu zao, na mmoja wao mnalala chumba kimoja. Ungemweleza Thuwaiba habari ya dada yako, angekufundisha peke yako hata katika beseni.

Na hicho kitoweo! Mwanamke ameshika Msahafu akaitwa mwongo, nawe unataka kumfuta machozi kwa samaki? Huoni haya?

Fanya hivi. Mwambie mumeo leo, kabla ya chakula, usingoje ashibe. Atafoka, mwache afoke, ana haki yake. Akimaliza, mkumbushe ni mkono wa nani uliomshika kwapani. Kisha maji yakitoka, madarasa yote mawili yakiwapo na Ussi mwenyewe, ung'oe mti ule kwa mikono yako, uurudishe katika tundu lake la zamani, na useme kwa sauti: Thuwaiba hakuhusika, ni mimi. Baada ya hapo nenda mlangoni kwake, wala usiende peke yako, nenda na wale wageni wa bara wasiojua kuogelea. Wewe anaweza kukufungia, wao hatawafungia. Na siku kumi na moja usiingie majini, kaa ukingoni uwalee watoto wa wenzako, mama zao wakijifunza.

Miguu yako inazama kwa sababu ukichoka unainua kichwa kutazama ng'ambo umebakiza kiasi gani. Tazama chini. Piga miguu kutoka nyongani, si magotini. Ng'ambo haikimbii.

La mwisho. Jina lako sijalichapa, wala la mumeo. La Thuwaiba nimeliacha lisomwe, kwa makusudi, ili kila asomaye ajue hakusogeza mti. Gazeti hupakiwa mashuani Jumatatu, na najua linavyosomwa huko Maparoni: mmoja anasoma, baraza zima linasikiliza, na mumeo bila shaka hukaa mbele. Nakala hii ya mkono nimempa tarishi aitangulize, uipate siku sita kabla ya gazeti. Ukisema kwanza wewe, siku ya gazeti watakuwa wanacheka na kukupigia vigelegele vya pili, na Thuwaiba akiwa kati yao. Mto umeshaushinda, mwanangu. Sasa iwahi mashua.