Kisiwa Kisicho na Mto

Jumamosi, Newala. Ukungu umekaa tangu alfajiri, nguo nilizofua jana bado mbichi, na nimevaa sweta mbili. Lakini moyo wangu mweupe leo. Naandika daftarini, nitachapa kwenye kompyuta nikishuka Masasi.

Nina jambo la kukiri.

Wiki iliyopita nilitoa jaribio la jiografia kwa darasa langu la alasiri, la watu wazima wanaojiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Mada ilikuwa visiwa vya volkano vya kitropiki. Niliuliza kwa nini kisiwa chenye mlima mrefu na mvua nyingi huwa na mito mingi. Wote walijibu kama nilivyowafundisha, isipokuwa Mama Salma. Yeye aliandika: "Mto si lazima. Inategemea ardhi. Kwetu mvua inanyesha na mto hatuna, mchanga unakunywa yote, maji tunayafuata chini bondeni. Kisiwa nacho kinaweza kuwa hivyo."

Nikampa sifuri. Pembeni nikaandika kwa wino mwekundu, "Fikiria kwanza." Kana kwamba haitoshi, nikalisoma jibu lile mbele ya wenzake huku nikicheka. Nilipocheka mimi, nao wakacheka.

Mama Salma ni rika la mama yangu. Wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kuja, aliuza zake kwa bei nzuri, akaezeka bati na kujenga tangi la saruji la kukinga mvua. Muda aliokuwa akiumaliza kwenye mteremko na ndoo kichwani, sasa anausomea.

Jumanne hakuja. Alhamisi hakuja. Wenzake wakaniambia amesema hajazi tena fomu ya mtihani, na fomu zinafungwa wiki ijayo.

Jana nilishuka Masasi kutafuta picha za visiwa kwenye intaneti, nikaangukia Ngazidja, huko Komoro. Pwani joto na minazi, ukipanda msitu wenye unyevu, juu kabisa baridi na vichaka vifupi. Upande mmoja unalowa, wa pili unapata mvua haba. Nikawa natikisa kichwa kwa raha, maana yote hayo nimefundisha. Kisha nikasoma kwamba pamoja na mvua yote hiyo, kisiwa kile hakina mto wa kudumu. Miamba yake ya volkano bado michanga na ina matundu, maji yanazama na kutokea chini kabisa, kando ya bahari. Watu wanajenga matangi kukinga maji ya mapaa. Jirani yake Nzwani, nacho cha volkano ila kikongwe zaidi, kina mito.

Masikio yaliniwaka moto.

Mimi mtoto wa Lulindi, nimekulia karibu na kijito. Huu mwaka wa tatu niko Newala, naletewa maji kwa ndoo, na sijawahi kujiuliza kwa nini yanapandishwa kutoka bondeni. Ujuaji mbaya jamani.

Leo asubuhi nikaenda kwake. Alikuwa uani akimenya mihogo, kando ya tangi lake. Nikatoa shikamoo. Hakuitikia. Nikasema hivyo hivyo nimesimama: jibu lako lilikuwa sahihi, mimi ndiye sikujua, na kukucheka nilikukosea. Nikamweleza Ngazidja yote. Akamaliza muhogo aliokuwa nao mkononi, akachukua mwingine.

"Marahaba," akasema.

Nilitamani kulia. Akanisogezea kigoda, akauliza kama hao wa Ngazidja wanafunika matangi yao, maana mbu.

Nikamwomba karatasi nirekebishe alama. Nilipotaka kufuta na lile neno la pembeni, akaivuta.

"Hilo liache, mwalimu. Jumanne utasoma jibu langu tena mbele ya darasa, halafu na hilo ulisome. Ukishasoma, nitajaza fomu."

Nimekubali. Nimerudi nyumbani natembea huku nacheka peke yangu.

Nimeshafanya mazoezi mara mbili mbele ya kioo. Jibu lake linatoka vizuri. Nikifika kwenye "Fikiria kwanza," najikuta namtazama kiooni anayestahili kuambiwa hivyo.