Uji wa Letisia na Sheria za Ng'ombe

Jumatatu, 3 Februari 2025
Natangaza rasmi, mbele yangu mwenyewe na kuku waliohudhuria: nyumba hii imepata sufuria ndogo. Haina mfuniko. Sherehe zimeahirishwa.

Sufuria ni ya uji. Mke wangu Letisia alipimwa leo zahanati, hapa Mwakiro, Burundi — mimba miezi mitano, damu pungufu. Ikizidi kupungua, kujifungua kutakuwa hatari. Muuguzi Kasilda kamuuliza anakula nini. Maharage na ugali wa muhogo. Na juzi? Maharage. Na sikukuu? Letisia akafikiri. Wali na maharage.

Kapewa vidonge. Tena ale mchanganyiko: mboga za majani, yai, ndagala (dagaa), na uji wa karanga uliopikwa kwa maziwa.

Maziwa yapo. Ng'ombe ni wa mama yangu.

Jumanne, 4 Februari
Mama alinisikiliza kwa heshima, kama mtu anayemsikiliza mlevi. Kisha akatoa sheria za wazee. Maziwa hayachemshwi. Aliyekula karanga hanywi maziwa siku hiyo. Ukikosea, ng'ombe anakauka maziwa. Uji wa Kasilda unavunja zote mbili — sufuria moja!

Letisia akasema polepole kwamba kwao Yoba, kule Gitega, maziwa huchemshwa kila asubuhi. Mama akauliza kwao Yoba wana ng'ombe wangapi.

Hawana.

Kesi ikafungwa. Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, ng'ombe nilimjua kwa mbali. Sikuulizwa.

Alhamisi, 6 Februari
Mama kaenda kwenye maombi. Tumepika! Letisia kanywa mpaka kalamba mwiko. Sufuria nimeisugua kwa majivu, kama mwizi aliyelelewa vizuri. Mama karudi, kanusa, kasema tu kwamba leo nyumba inanukia Gitega.

Jumapili, 16 Februari
Kila Mama akitoka, uji. Letisia hashiki tena ukuta akisimama.

Lakini maziwa yamepungua. Kweli yamepungua. Mama anamtazama ng'ombe, ananitazama mimi, anamrudia ng'ombe.

Uji tumeusimamisha. Mimi ndiye niliyesema. Mimi, mtu wa kusoma magazeti!

Letisia akaniambia, "Eliud, kati yangu na ng'ombe, mmoja lazima akauke. Mmeshachagua."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Jumatano, 19 Februari
Mama kamwita veterineri, daktari wa mifugo aitwaye Chabani, kutoka Muyinga mjini. Kavaa glavu hadi begani, kamzamishia ng'ombe mkono kwa nyuma. Halafu:

"Iko na mimba hii. Miezi mitano."

Sawa na Letisia! Kumbe ni fahali wa Damiano, jirani, aliyevunja ua wetu mwezi wa tisa. Ndiyo maana maziwa yanapungua, na yatakatika kabisa. Karanga hazina kosa. Wala sufuria.

Chabani akaongeza: mwenye mimba halishwi kitu kimoja kila siku. Mchanganye. Mama aliitikia kila neno, hakubisha hata moja. Kabla ya adhuhuri alishabeba majani ya viazi, vigogo vya migomba, nyasi za bondeni. Chumvi katoa ya jikoni.

Nikamwambia, "Mama, ndiyo hayohayo aliyosema Kasilda."

"Kasilda anajua nini kuhusu ng'ombe?"

Jioni Letisia amekula maharage.