Nyuzi Mpya za Baba

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa mdogo wangu Kibonge,

Pokea salamu kutoka kwetu sote. Hujambo wewe, wifi hajambo, watoto je? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kiwandani umepoa? Natumai unakula, maana siku ile kwenye simu sauti yako ilikuwa nyembamba, na wewe si mtu wa kuwa na kitu chembamba.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Mama anakula kidogo, tena kwa kubembelezwa. Kutwa anakaa upande wake wa kitanda, upande wa Baba haugusi. Mimi nashona, lakini juzi nimeweka mkono wa kushoto wa gauni upande wa kulia, na mteja akanitazama tu, akaniambia nirekebishe nikipata nafasi. Hiyo huruma ya watu ndiyo inayonichosha.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu utaanza kulia, nami nitaishia njiani. Tangu tumzike Baba umeniuliza mara tatu kuhusu wimbo wako, ule aliokutungia ulipozaliwa na akaahidi kukurekodia. Mara tatu nimekujibu kwamba simu yangu ina matatizo. Simu haina tatizo lolote.

Unajua kwamba tangu moyo uanze kumsumbua hakuweza tena kubeba gitaa lake la besi. Ile ukulele ya besi uliyomletea, kigitaa cha nyuzi nne, ndiyo iliyomrudishia furaha usoni. Aliiita Kifaranga. Alikuwa akiipiga ameegemea mito, imemlalia kifuani, na mimi huku kwenye cherehani nashangaa kitu kidogo vile kinatoa wapi sauti ya fahali.

Nyuzi mpya ulizotuma nilizipokea mimi. Za zamani zilikuwa zinanata, na Baba alizipaka poda ya mtoto ili vidole viteleze. Yeye alikuwa amezizoea, mimi niliona uchafu. Jumanne mchana, Baba amelala, nikachukua mkasi wangu wa kitambaa, nikazikata zote nne na kuzitupa. Gari la taka likapita saa ile ile. Nilitaka aamke akute chombo kipya. Nilikuwa najipongeza, Kibonge, hata wimbo naimba.

Nilipiga fundo mwisho wa kila uzi, nikaupitisha kwenye tundu lake, nikauzungusha kwenye kigingi chake cha kukazia kule juu. Nyuzi zenyewe ni za mpira, nene kuliko kamba ya kiatu. Nimetia mipira kwenye viuno vya sketi miaka ishirini, na sikukumbuka kwamba mpira mpya ukivutwa hurefuka.

Baba alipoamka aligusa uzi wa kwanza, akaukaza. Akakaza wa pili. Aliporudi kwenye ule wa kwanza ulikuwa umeshalegea, sauti imeshuka. Akanitazama.

“Za zamani ziko wapi?”

“Nimezitupa, Baba.”

Akawa anapapasa ubao wa Kifaranga. Kisha akasema, “Basi tutangoja.” Hakunigombeza. Laiti angenigombeza.

Jumatano asubuhi nikamwita kinyozi wa jirani, yule aliyekuwa akipiga na Baba kwenye bendi. Alizifungua nyuzi zangu, akazivuta moja moja kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, ndipo akazifunga upya. Akaniachia kile kipimo kidogo kinachobanwa kichwani mwa ukulele, taa ikiwaka kijani ujue uzi umekaa sawa. Alisema tuzikaze kila asubuhi na kila jioni, na siku ya sita zitatulia. Kwa wakati huo daktari alikuwa ameshatuambia mimi na Mama tusiweke mipango ya mbali. Baba hakuambiwa, lakini nadhani alijua kutuzidi.

Nilimsihi akurekodie hivyo hivyo. Alikataa. Alisema miaka thelathini ya besi hajamwangusha mwimbaji hata mmoja, hawezi kuanza na mwanawe. Ijumaa jioni ndipo akakubali kujaribu, nami nikabonyeza simu. Alifika katikati ya wimbo, uzi mnene ukashuka. Hata mimi nisiye na sikio la muziki niliusikia. Akaacha.

Jumamosi, chai ya asubuhi haijachemka, Baba alituaga.

Siku ile, na Jumapili ya mazishi, nyumba imejaa watu, bado niliingia chumbani asubuhi na jioni kukaza nyuzi. Mama alidhani nimechanganyikiwa, na sikuwa mbali na hapo. Jumatatu, siku ya sita, nilibana kipimo nikagusa uzi wa kwanza. Taa ikawaka kijani kabla sijashika kigingi. Nyuzi zote nne zilikuwa sawa. Nilikaa sakafuni nikalia kuliko nilivyolia kaburini.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Huyu wangu nimeshampakata. Wewe usijilaumu kwa kuzituma, ulituma kwa upendo. Mkasi ulikuwa wangu. Kama utanikasirikia, nikasirikie waziwazi, usininyamazie.

Mama anakusalimu, anasema usikose kuvaa kitu cha kufunika kifua. Kinyozi naye anakusalimu, amejitolea kuitunza ukulele mpaka utakapokuja, lakini Mama ameikatalia isitoke chumbani. Msalimie wifi yangu, na watoto waambie shangazi yao anawashonea. Mungu akutie nguvu huko ulipo, akulinde njiani na kazini.

Ile rekodi ya Ijumaa sijaifuta. Nilikuficha kwa aibu. Ukimaliza kusoma nipigie, nitakutumia. Utasikia nusu ya wimbo wako, uzi unashuka, kisha kimya, kisha kigingi kikizungushwa. Mwishoni kabisa ni sauti ya Baba, anasema na mimi lakini maneno ni yako:

“Mwambie angoje kidogo.”

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinichukia,
Fundi.