Maji ya Kuzimulia Ukwaju

Dandora, Nairobi
9 Machi 1980

Kwa dada yangu Mwanasiti,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba goti la mama limepata nafuu tangu alipoanza kulikanda. Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, naamka. Ukiniuliza zaidi ya hapo nitakuambia nina upweke, dada, na upweke wa namna hii sikuujua hata mwaka ule aliofariki mume wangu Zahoro, maana wakati ule watu walikuja wakajaa mkekani kunifariji. Sasa hakuna anayejua kwamba nahitaji kufarijiwa.

Barua yako niliipokea Jumanne. Umenieleza kwamba kipindupindu kimefika huko Mombasa, wateja wamekikimbia kihoteli chako, na chai unaishia kuimwaga. Umeniuliza nilifanya nini hata nikabaki wazi wakati vibanda vya huku vilikuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine. Umeniita hodari. Nitakujibu, lakini tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujamsomea mtu mwingine.

Kwanza ni maji. Yachemshe mpaka yatokote kwelikweli, si kuona mvuke kidogo ukasema basi. Lile beseni la kunawia liondoe kabisa. Najua kwetu hupitishwa toka kwa huyu hadi kwa yule, na mtu wa mwisho huwa ananawa mchuzi wa wenzake. Simama mwenyewe na birika, ummwagie kila mtu mikononi, na sabuni iwepo, hata wakikununia. Mafundi wanaojenga nyumba za ploti hapa walinicheka, na mmoja akaniuliza tangu lini nimekuwa nesi. Nikamjibu tangu nilipoziona kucha zake. Wakacheka, wakanawa. Vikombe vitumbukize kwenye maji yanayochemka, tena mbele ya macho ya mteja, maana siku hizi hakuna anayeamini maneno matupu. Mahamri yafunike kwa kitambaa kilichofuliwa siku hiyohiyo. Mbaazi zisitoke motoni. Na likikuuma tumbo, funga, hata kama ni siku ya soko, usijitie ushujaa.

Wala usivunjike moyo watu wakikunyima mkono. Hapa mtaani tuliacha kabisa kupeana mikono. Mtu anakuamkia toka ng'ambo ya barabara kama anayeita mbuzi wake, na ingawa ugonjwa umetulia, wengi wamebaki hivyohivyo. Zipo siku ninazofunga kibanda bila kuguswa na binadamu yeyote isipokuwa kwa ncha za vidole, ninaporudisha chenji.

Sasa nikueleze habari za Apondi, ambaye nilikuwa nikikutajia katika kila barua, na nadhani umeona nimeacha. Huyu alikuwa jirani yangu wa kibanda, mjane kama mimi, mtu wa Siaya, akikaanga samaki. Vibanda vyetu viliegemeana. Nilipokwenda kuswali adhuhuri yeye aliniuzia mahamri yangu. Alipokwenda kufuata samaki asubuhi mimi nilimwashia jiko. Kiswahili changu kilimchekesha, akawa ananiigiza mbele ya wateja ninavyovuta maneno, mpaka na mimi nacheka nasahau ninauza nini. Kila siku saa nane tulikula pamoja, sahani moja.

Mwezi wa Desemba, katika joto lile, mfereji ulikauka siku nne. Fundi mmoja wa mawe aitwaye Shitanda alikula samaki kwa Apondi, kisha akaja kwangu kunywa ukwaju. Kesho yake hakuonekana kazini. Siku ya pili tukaambiwa amefariki, na wenzake wawili wamelazwa. Wakaja mabwana afya, wakanikuta mimi wa kwanza, wakaniuliza marehemu alikuwa akila wapi. Nilinyanyua kidevu tu, nikakielekeza kwenye karai la Apondi.

Wakamwaga samaki wake, wakaamuru kibanda kivunjwe, mtaa mzima ukitazama. Mwenye nyumba naye akamtaka ahame. Siku ya kuondoka alikuja kuniaga. Aliniachia jiko lake kubwa, akanisihi nijihadhari, nichemshe maji. Hakujua aliyemwonyesha kwa mabwana afya ni nani. Nami nikamkumbatia, nikalia naye.

Wiki moja baadaye wenye vibanda tuliitwa ukumbini tufundishwe. Bwana afya mmoja, Bwana Gordon, alituambia polepole kwamba kitu kilichotoka kwenye mafuta yanayochemka, kikaliwa kingali moto, hakina hatari kubwa. Balaa, alisema, ni kitu kilichopikwa vizuri halafu kikatiwa maji mabichi.

Unajua tunavyotengeneza ukwaju, dada. Ndivyo alivyotufundisha mama: unauchemsha mzito na sukari, unauchuja, kisha unauzimua kwa maji baridi. Ule mzito niliuchemsha vizuri sana, nikajiona nimetii amri zote. Lakini maji ya kuzimulia siku ile niliyanunua kwa mwenye mkokoteni, madebe mawili ambayo sikuuliza yametekwa wapi, nikayamimina ndooni vilevile, kwa sababu mafundi walikuwa wamesimama na walitaka kitu cha baridi. Shitanda alikunywa vikombe viwili. Wale wenzake wawili hawakugusa samaki; walikunywa ukwaju. Na hilo nilikuwa nalijua hata wakati ule kidevu changu kilipokuwa juu, ila nilikataa kulifikiri.

Pale ukumbini nilinyamaza. Ukwaju niliacha kuuza, nikisingizia kwamba umeadimika. Wateja wa Apondi wakahamia kwangu, na wakanisifu kwa usafi. Hivyo ndivyo nilivyobaki wazi, Mwanasiti. Hayo mengine niliyokuandikia juu ni ya kweli na uyafuate, lakini si hayo yaliyoniokoa.

Huenda ningeendelea kunyamaza. Lakini juzi nimepata barua ya Apondi, ameandikiwa na binti wa jirani yake. Anasema habari zilimfuata hadi kwao. Sokoni samaki wake hawanunuliwi, na kina mama wanawavuta watoto wao wanapompita. Kisha anasema labda watu wana haki. Amefikiri sana, na anakumbuka kwamba siku ile kulikuwa na samaki mmoja ambaye huenda hakumgeuza vizuri karaini. Kila jioni anamwomba Shitanda msamaha.

Nimeyasoma maneno hayo mpaka nimeyakariri. Siwezi kumjibu kwa karatasi, maana hajui kusoma, na sitaki ayasikie kwa mdomo wa mtoto wa watu. Kesho nitakwenda kwa Bwana Gordon nimweleze habari ya ukwaju. Akikifunga kibanda, na akifunge. Jumanne nitapanda basi la Siaya, niende mpaka pale sokoni anapouza, niseme mbele ya hao wanaomkimbia kwamba maji yalikuwa yangu.

Msalimie mama, umbusu mkono kwa niaba yangu. Hili usimwambie, nitamweleza mwenyewe, maana yeye ndiye aliyetufundisha kuzimua na itamuumiza. Nawe maji yote yachemshe, ya kupikia na ya kupozea, uyaache yapoe yenyewe, na wateja wangoje. Wasalimie shemeji na watoto, kila mmoja kwa jina lake. Uniombee dua, dada, kwa sababu naogopa. Matusi ya watu wa sokoni nitayavumilia. Ninaloliogopa ni furaha atakayokuwa nayo Apondi akiniona nashuka kwenye basi, kabla sijafungua mdomo.

Ni mimi mdogo wako,
Muhiba binti Abdurahim